Ile Kromosomu Ndogo ya Tatu

Njombe, Alhamisi usiku

Kompyuta ndiyo inayopanga picha za kromosomu jozi kwa jozi, ila leo, kwenye jozi ya 21, ile ndogo ya tatu iliitupa pembeni ikidhani ni uchafu wa rangi ya maabara. Nilitamani kweli iwe uchafu, lakini… Nimeirudisha mahali pake kwa mkono wangu: tatu badala ya mbili. Mtoto wa yule dada aliyetoka kijiji cha Yakobi ana hali ya Down.

Nilipowapa majibu, mama mkwe wa dada huyo akauliza, “Imetoka upande gani, kwetu au kwao?” Swali hilo linaniudhi hadi sasa.

“Mama, hili si kosa la upande wowote,” nikamjibu.

Mwenye mtoto akasema, “Kumbe ndiyo maana ananyonya polepole, nami nimekuwa nikimgombeza.”

Akamfunika vizuri, akampa titi, akamwacha anyonye anavyoweza.