Annika Ahesabiwe Wapi Ijumaa?

Shangazi Lorraine mpendwa, naomba unitue mzigo huu maana siku zinakwisha, mimi ni mpishi wa shule ya umma ya mji wetu mdogo hapa Wisconsin, mwaka wa kumi na moja sasa, na Aprili tulipopiga kura ya kujiongezea kodi ya majengo ili shule isifungwe ni mimi niliyebisha milango, ni mimi niliyelia mbele ya watu ukumbini, na kibao cha "Ndiyo kwa Shule Yetu" hadi leo kimesimama mbele ya nyumba yangu, tukashinda kwa kura tisa, na wiki hiyohiyo, Shangazi, nikajaza kwa siri fomu ya vocha ya jimbo, ile ya serikali kumlipia mtoto karo ya shule binafsi, ili binti yangu Annika asomeshwe shule ya kanisa ya mji wa jirani.

Amepata nafasi. Ana miaka tisa na hajui kusoma, darasani wako ishirini na wanane, mwalimu wa kusaidia walio nyuma kusoma alipunguzwa kazi mwaka juzi, Annika anamsikiliza mwenzake akisoma, anakariri, kisha naye "anasoma" na kupigiwa makofi. Kule kanisani darasa lina watoto kumi na watatu, wana kwaya, sare safi, utulivu mpaka unasikia saa ya ukutani. Kwenye fomu waliuliza kama mtoto anahitaji msaada wa pekee, nikaacha wazi, niliogopa watamkataa.

Sasa Ijumaa hii ndiyo siku ya kuhesabu wanafunzi, na pesa za jimbo hufuata vichwa, kila mwaka siku hiyo napika chapati za maji na soseji ili asikose mtoto hata mmoja. Nikapanga Annika ahesabiwe kwetu Ijumaa, nimhamishe Jumatatu, kila upande upate chake, lakini karani wa kule akanikata kauli: "Mama, asipokuwa kwetu Ijumaa, vocha imekwenda." Na Darla, shoga yangu anayeendesha basi la shule, asiyejua lolote, kanipiga begani juzi: "Mwaka huu hakosi mtu, bibie! Hata wenye mafua nitawabeba!" Nikacheka naye, kisha nikaingia chumba cha baridi cha kuhifadhia vyakula nikalia. Mimi ni msaliti?

Mpishi Mwenye Nyuso Mbili

*

Mpishi, futa machozi kwanza, hicho chumba cha baridi kitakupa kichomi. Msaliti si wewe. Kura ile uliwapigania watoto wa mji mzima na ulifanya haki, kibao kiache palepale. Hakuna mama anayepaswa kumtoa mwanawe sadaka ili hesabu ya shule itimie.

Lakini nitakugombeza, na hilo umelitaka mwenyewe. Umenitajia watoto kumi na watatu, kwaya, sare, hata saa ya ukutani! Hukunitajia nani atamfundisha Annika kusoma. Hukuuliza, na fomu ukaacha wazi. Mficha uchi hazai, mama. Huko nako atakariri, tena kwa utulivu zaidi, na makofi atapigiwa.

Gazeti hili linakufikia Jumatano. Kesho asubuhi, ukishaosha vyombo vya kifungua kinywa, mchukue Annika mwende kule. Asome mbele ya mwalimu ukurasa ambao hajawahi kuusikia. Itauma, umshike mkono. Kisha uliza: nani atamsaidia, siku zipi, saa ngapi? Wakikupa jina na saa, mhamishe, na jioni hiyohiyo umwambie Darla kwa mdomo wako. Atanuna, lakini heri anune leo kuliko asikie kwa abiria wake. Wakikupa tabasamu na maombi, rudi naye nyumbani, umwandikie mwalimu mkuu wako barua ya kutaka mtoto apimwe uwezo wake wa kusoma. Umwandikie, usimwambie mlangoni! Shule ya umma ikiombwa hivyo kwa maandishi haina ruhusa ya kunyamaza.

Ijumaa chapati zipike vyovyote itakavyokuwa, watoto wa wenzio wanakutegemea. Annika naye, popote atakapokaa, atahesabiwa mara moja tu. Hakikisha anayemhesabu anajua kwamba hajui kusoma.