Mchuzi wa Mama Bila Bata Mzinga

Nyumbani, nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumapili ya nne baada ya sikukuu.

Mpendwa mdogo wangu Kibonge,

Salamu nyingi sana. U hali gani huko? Wifi yangu hajambo? Mimi mzima, ila goti linanisumbua nikipanda ngazi. Mama naye ni mzima wa mwili. Hukuuliza, lakini nakuambia.

Barua yako ya kutaka mchuzi wa mama ilifika kabla ya sikukuu. Nimechelewa kuijibu makusudi. Natumaini wakwe zako walikula nyama kavu wakaishushia na maji.

Haya, hii iweke kwa sikukuu ya mwakani. Bata mzinga wa kuoka hahitajiki kabisa. Mama mwenyewe aliacha kumnunua ulipoacha kuja, maana wewe ndiye uliyekuwa ukimmaliza. Nunua mabawa na shingo za kuku, uzikaange kwenye sufuria nzito mpaka ziwe kahawia, si njano, kahawia. Tia vitunguu na karoti. Usiwe na haraka, ingawa najua hilo ni shida kwako. Kitakachogandia chini usikioshe, ladha yote imo humo. Mwagia maji ukikwangue kwa mwiko. Acha vichemke taratibu mpaka nyama iachie mfupa, kisha uchuje. Pembeni kaanga unga wa ngano kwa siagi, umimine ile supu kidogo kidogo huku unakoroga. Ukiimwaga yote kwa pupa utapata madonge, na hapo usinilaumu mimi.

Chumvi hutiwa mwisho, na chumvi ya mama huonjwa na mtu mmoja tu. Unakumbuka alivyokuwa akikuita jikoni wewe peke yako, sisi wengine tukifukuzwa? Miaka yote hii ambayo hukuja, alikuwa akijaza kijiko na kukiacha kipoe juu ya sahani. Hakuna aliyethubutu kukigusa.

Mwaka huu fundi seremala alikuja asubuhi ya sikukuu kurekebisha mlango wa jikoni. Mwembamba kama mpini wa ufagio. Siku hizi mama anatusahau kidogo kidogo. Alimtazama sana yule fundi, akajaza kijiko.

"Kibonge, hebu njoo uonje."

Nikafungua mdomo nimsahihishe. Fundi akaweka randa chini, akaonja, akafumba macho.

"Bado kidogo, mama."

Mama alicheka mpaka akatafuta kiti. Sijamwona akicheka hivyo tangu uondoke, na nilikuchukia saa ile, nakwambia wazi.

Tulimwomba fundi aendelee kuja. Huja kila Jumapili, anakaa kwenye kiti chako, anamsikiliza. Nawe umeandika kwamba utakuja mwakani nafasi ikipatikana. Usije. Utamchanganya tu.

Kaka mkubwa anakusalimu, na mkewe pia. Shangazi nilimwuliza kama ana salamu za kukupa, akaendelea kumenya vitunguu. Mungu akulinde, akupe afya, na akujalie watoto wasiofanana nawe.

Mama nilimwonyesha ile picha uliyotuma, ya suti. Aliishika kwa mikono miwili. Akasema huyu bwana anaonekana mtu mwema, nimsalimie sana, na nimwulize kama mama yake bado yu hai.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa shida,
Dada yako