Santuri Yako Imenishinda

Shabani, mtani wangu,

Ninaogopa, na wa kumwambia sina ila wewe. Mama yako anakuja kesho kwa treni kutoka Bukene. Anakuja kuisikiliza santuri yako.

Kosa ni langu. Siku ya mazishi yako nilifanya utani, kama ipasavyo Mgogo anapomzika mtani wake Mnyamwezi. Nikavaa koti lako, nikashika jembe kama gitaa, nikapiga mayowe yale yale ya kwenye santuri mpaka koo likauma. Watu wakacheka huku wanalia. Mama yako akanivuta mkono: "Ndivyo alivyoimba mwanangu?" Nami, kwa domo langu hili, nikamjibu, "Hii yangu cha mtoto, mama. Ungeisikia yenyewe!" Basi hajasahau. Tangu wahamie kijiji cha ujamaa hana hata redio, na gramafoni ninayo mimi hapa mjini Kanyenye.

Sasa nikuambie nililokuficha. Santuri yako siipendi. Uliporudi nayo kutoka Nairobi, ulikoirekodi, umeikumbatia, uliniwekea, ukanitazama usoni, nikasema, "Safi sana, bwana." Uongo mtupu! Gitaa linakwaruza, ngoma zinakwenda mbio utadhani zinafukuzwa, halafu wewe, uliyekuwa ukiimba harusini mpaka bibi harusi anatokwa machozi, unabweka. Mtu atacheza wapi hapo? Wenzetu wa bendi walisema umerogwa. Katibu wa vijana akasema ni uhuni, haujengi taifa. Nami nilikuwa pale pale nakunywa chai, nikanyamaza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Lakini kesho siogopi kelele. Naogopa upande wa pili, pale vyombo vyote vinaponyamaza ukabaki peke yako unaita "Mama! Mama!" mpaka sauti inakatika. Ulipokuwa hai niliona ni mbwembwe zako tu. Juzi nimeiweka tena, nikanyanyua sindano kabla hujamaliza kuita. Maana ndivyo ulivyomwita siku ile ya mwisho hospitalini, Shabani. Vile vile kabisa. Yeye alikuwa njiani, mvua imekata reli, aliyekuwepo ni mimi. Alipofika nikamwambia ulilala tu, kimya, kama mtu aliyechoka na kazi. Akamshukuru Mungu. Sasa akiisikia sauti ile, atanitazama, na mimi uso wangu haujui kuficha.

Leo asubuhi niliishika santuri juu ya kizingiti niivunje, niseme imeniponyoka. Nikashindwa. Sauti yako nyingine iko wapi?

Haya, pumzika, Mnyamwezi wewe. Kwaheri. Siipendi, na safari hii nimekuambia wazi. Nakuahidi kesho nitamkalisha mama kwenye kiti changu, nitaweka upande wa kwanza, nitageuza wa pili, na sindano siigusi. Akiniuliza, nitamwambia ulimwita.

Mtani wako,
Yohana