Taa Niliyoizima

Jumatatu, 3 Machi

Gari la Dada limevutwa hadi gereji asubuhi. Bampa imebonyea, taa ya kushoto haipo. Ndani safi kabisa, Dada hapendi uchafu. Mtandio wa Mama bado uko kwenye kiti cha mbele. Nimeukunja nikautia kwenye droo ya spana. Kwa nini ya spana, sijui.

Wiki iliyopita liliteleza konani kwenye mvua, Dada akiendesha. Mama amevunjika nyonga. Dada hakuumia hata ukucha, na hilo ndilo linalomtafuna.

Bosi wetu, Mzee Miwani, kazi kanipa mimi. Eti nani analijua gari hili kunizidi? Kweli. Nimewasha swichi. Kwenye dashibodi ile taa ya njano — kijigari kinachoteleza. Nimeitazama, kisha nikaenda kunywa chai. Sisikii uchungu wala hofu. Kama siku ile nilipong'olewa jino: shavu lipo, lakini si langu.

Jumanne, 4 Machi

Nimechomeka mashine ya kupimia. Kompyuta ya injini inajibu. Ya usukani inajibu. Ile ya kuzuia gari lisiteleze — kimya. "Hakuna mawasiliano."

Maneno hayo nimeshayaona. Wiki tatu zilizopita, gari hili hili. Dada alipita mchana, mbio mbio, anawahi watoto wa shule. Yeye ndiye dereva wa basi lao. Akasema taa hii inawaka, inazima. Nikachomeka, nikasoma, nikafuta. Taa ikazimika. Nikamwambia endesha tu, ni taa tu hiyo. Akacheka, akaniita daktari.

Mzee Miwani kila siku wimbo wake ni huo: soma, andika, tafuta, ndipo ufute. Mimi nilisoma nikafuta. Nilikuwa na njaa! Basi. Hakuna sababu kubwa kuliko hiyo.

Jumatano, 5 Machi

Nimechomoa betri, nikapima zile nyaya mbili zilizosokotwa ambazo kompyuta zote huongelea. Kipimo cha ukinzani kinatakiwa kuonyesha omu sitini. Nimepata mia na ishirini, yaani ncha moja imekatika. Nikatikisa nyaya karibu na gurudumu la kushoto — sitini. Nikaachia — mia na ishirini. Plagi inayounganisha nyaya hizo imeingia maji, pini moja imeota kutu ya kijani; ndiyo iliyoinyamazisha ile kompyuta. Pini moja! Siku ile ningeipata ndani ya nusu saa.

Jioni nikaenda kwa Dada. Anamgeuza Mama, anampangusa, anamlisha. Mama anamshika kidole. Shemeji, mumewe, kasema mbele ya wote kwamba mvua iliwanyeshea watu wote, mbona wengine walifika salama. Dada kaendelea kumlisha Mama. Baadaye jikoni kaniambia Ijumaa anapeleka barua ya kuacha kazi. Eti mikono iliyomvunja mama yake haiwezi kubeba watoto wa watu.

Nikamwambia labda ni gari. Kaniangalia. "Gari si ulishalitazama wewe? Gari halina kosa, mdogo wangu. Ni mimi."

Nimeosha vyombo. Sahani moja nimeiosha mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Huenda lingeteleza hata hivyo. Kona ile mbaya, lami imelowa. Nimejiambia hivyo kutwa nzima. Sijaamini, sijakataa.

Nimekula. Nimekula nini, sikumbuki.

Ijumaa, 7 Machi

Plagi mpya imekaa. Sitini, hata nikitikisa. Kompyuta zote zinajibu. Taa imezimika — safari hii kihalali.

Mzee Miwani kasema nichapishe ripoti, Dada apewe. Mashine imetoa kurasa mbili. Wa kwanza, hitilafu ya juzi na matengenezo yake. Wa pili, kumbukumbu: tarehe ya siku ile Dada alipopita, saa saba na dakika kumi mchana, hitilafu ile ile, "imefutwa". Na jina langu. Kumbe inatunza! Miaka yote hii sikujua.

Nimechapisha nakala mbili. Moja ina ukurasa wa pili, nyingine haina.

Saa nne Dada kaingia. Kavaa sare ya udereva, kaipiga pasi, bahasha ya kaki mkononi. Kapita tu, anaelekea kwa mwalimu mkuu. Hakulisogelea gari. Kamuuliza Mzee Miwani lilikuwa na nini. Mzee kamjibu mwenye kujua ni mdogo wako, muulize yeye. Basi Dada kanigeukia. Nikasema ngoja nilete ripoti.

Niko stoo sasa, nimekaa juu ya tairi. Nakala zote mbili ziko mapajani. Naandika kwa sababu sijui kingine cha kufanya. Mwandiko unapinda! Wiki nzima ulinyooka. Nina hofu. Namwonea Dada huruma.

Namsikia huko nje. Anamwomba Mzee Miwani kalamu, barua hajaisaini. Mzee anapapasa mifuko, anacheka, anasema kalamu ya gereji hii anayo mdogo wako, mfuate huko stoo.

Viatu vyake hivyo vinakuja. Kalamu ndiyo hii ninayoandikia.