Nsansa Zilizobaki Nyuma ya Debe

Mama,

Shikamoo huko uliko. Nakuandikia wewe kwa sababu kila aliye hai hapa namtilia shaka. Na hata wewe, mayu, bado nina neno nawe, ila nitalisema mwishoni.

Tulikuzika Songwa, kwenye mji wa babu, kama ulivyotaka. Baba amerudi kazini mgodini Mwadui. Mimi ndiye ninayempikia. Kila nikimimina chai naona mkono wako ukirudi kwenye sukari, kijiko baada ya kijiko, na wewe ukisema, "Chai isiyonata mdomoni ni maji ya kunawa."

Unakumbuka ulivyokuwa ukisifiwa? Baba alipopewa nyumba ya mgodi uliacha jembe kijijini, ukaacha na kubeba ndoo kichwani. Ugali ukawa wa sembe, mweupe pee, na maandazi asubuhi na jioni. Kuku akichinjwa, maini na firigisi ni vya baba, nyama ya wageni, wewe unachovya mchuzi. Ukanenepa. Wanawake dukani wakawa wanakuimba: "Mama Kabula, umenawiri! Mume anakutunza huyo!" Ukicheka, mashavu yanatetemeka.

Mimi nilikuwa natazama viganja vyako. Vilikuwa vimepauka. Kutoka jikoni hadi uani unahema. Maji unakunywa kama ng'ombe aliyerudi machungani, na kile kidonda cha mguuni kikagoma kupona. Halafu udongo! Ulinituma sokoni kununua udongo wa kula, ukanifundisha niseme ni wa jirani mwenye mimba. Jirani gani, mama? Muuzaji mwenyewe alikuwa ananicheka.

Hospitali daktari alisema una kisukari, na damu imepungua mno. Shangazi Minza alimcheka mbele ya macho yake: "Mwili wote huu wa wifi yangu, damu iende wapi?" Daktari akaeleza kwamba unene si shibe. Sembe na sukari vinajaza mwili, akasema, lakini damu inataka majani ya mboga, maharage, maini. Nami nilimwona mwongo. Nilijiambia huyu kuna kitu amekosea, sasa anatafuta pa kukificha. Nani aliwahi kusikia mtu mnene hajala?

Ulipofariki, shangazi aliingia chumbani kwako kufagia. Nyuma ya debe la unga akavuta vifurushi vya nsansa, yale majani ya kunde ya kuchemsha na kuanika, vingine vimeota utando wa buibui. Vyote vililetwa na Mama Shija, mke mwenzio aliyebaki Songwa kulima. Shangazi akapiga yowe kwamba umerogwa. Kesho yake alikuwa kwa mganga. Kuku akapasuliwa, na matumbo yakasema aliyekuua ni mwanamke wa karibu mwenye macho mekundu.

Jamani! Nani kwetu hana macho mekundu? Tunapikia mavi ya ng'ombe, moshi unatumaliza sote. Lakini unajua wanawake wanavyofanywa wakishatajwa hivyo. Vijana wa ukoo walikuwa wameshaanza kunong'ona, na panga moja niliona likinolewa wakati hakuna shamba la kufyeka.

Mama Shija alikaa pembeni, kanga mdomoni. Nilimkazia macho. Nikajiuliza analia nini, si amebaki na mume peke yake? Nilitaka awe yeye, mayu. Nakwambia kweli, nilitaka sana awe yeye.

Ila maneno yako yakanirudia. Kila alipoondoka ulikuwa ukiniambia, "Tunapokea, tunashukuru, lakini hatuli. Yule ni mke mwenzangu." Hukuonja hata jani moja. Sasa dawa ilikuingilia wapi?

Siku ya kuanua matanga kule Songwa nikalisema hilo mbele ya wote. Shangazi akaniuliza, "We mtoto, umenunuliwa kwa bei gani?" Nikanyanyuka, nikachukua kifurushi kimoja kati ya vile alivyokuja navyo shangazi, nikapika kwa karanga wote wakiona. Nikakaa na chungu na Mama Shija. Nikamsubiri amege kwanza. Ndiyo, nilimsubiri! Akala, machozi yanadondokea tonge. Ndipo nikala na mimi. Baba akanyoosha mkono, naye akala.

Tulikaa pale mpaka ng'ombe wakarudi zizini, watu wanatutazama tumbo. Hakuna aliyeanguka. Baba akasema, "Asimguse mtu mke wangu," vijana wakatawanyika. Shangazi anasema dawa ya aina hiyo huchelewa. Basi na ichelewe.

Juzi dukani wameanza na mimi: "Kabula, umenawiri kama mama yako!" Sikucheka. Nilifika nyumbani nikaenda mlangoni kwenye mwanga, nikafungua viganja nione kama navyo vimepauka. Mama, na mvua ya kwanza ilipogonga ukuta wa udongo kijijini, mate yalinijaa mdomoni. Niliogopa.

Sasa neno langu. Nina hasira na wewe. Ulikuwa unakula ardhi, mayu, na mboga ziko nyuma ya debe. Ulijilinda na adui asiyekuwepo mpaka njaa ikakuua, mnene vile, watu wakikupongeza.

Mama Shija ameleta kifurushi kipya jana. Nimekigeuza, nimekinusa, nimemwambia aonje kwanza. Hakukasirika, ameonja. Bado simwamini sawasawa, na sijui kama nitamwamini. Lakini nakuahidi, nitakuwa nakula. Hata kama ni kwa jicho moja kwenye mkono wake, nitakula mpaka sahani iwe nyeupe, yangu na ile ambayo ingekuwa yako.

Lala, mama yangu.

Mwanao,
Kabula