Simu Kifuani

Bwera, 4 Machi 2024

Mdogo wangu Anastasie,

Salamu nyingi. Huko Kasese mmeamkaje, na kile kifua chako kimepona? Mimi kaka yako niko salama, ila moyo hautulii. Leo nikiwa nashona viatu, simu ilitetemeka. Namba ya shirika lenu la kutafuta waliopotezana. Nilipokea, nikasema, "Ni mimi Nzanzu," nikaikodolea macho mpaka taa ikazimika. Nikamkimbilia Mabel, jirani yangu muuza maharagwe, lakini tayari ilikuwa imekatika. Bila shaka ni habari za mke wangu Chérie. Tangu nipotezane naye tukikimbia vita Beni, sijaomba kitu kingine. Waambie waniandikie kwenye simu, kama unavyoniandikia wewe.

Yaya wako, Nzanzu

Kasese, 9 Machi

Yaya,

Nakusalimu sana. Kifua kimepoa. Nimesoma maneno yako nikaona aibu. Ni mimi niliyependekeza huduma yetu ya simu iwe ya sauti tupu, mashine ikipiga na kumtaka mtu aseme jina lake, kwa sababu akina mama wengi kambini hawajui kusoma. Nilipigiwa makofi. Sikukukumbuka wewe, ambaye tunaandikiana tangu homa ikunyang'anye masikio. Mafaili ya watu siruhusiwi kuyafungua, na ofisi yetu ya Bwera ilifungwa huduma hii ya simu ilipoanza. Nimemwomba mkuu wangu, Abaho, tuongeze maandishi. Akaniuliza, "Viziwi wenyewe wako wangapi?" Vumilia kidogo, Yaya.

Mdogo wako, Anastasie

Bwera, 20 Machi

Mdogo wangu,

Mko wazima? Mimi usingizi umenihama. Nalala na simu kifuani ili ikitetemeka niamke. Jana iliita Mabel akiwa karibu, nikampa. Nikamsoma midomo: "Inasema iko na habari ya mutu wako, lakini inataka sauti yako, useme jina." Akanigusa bega, nikasema. Nilichelewa, ikakata.

Nimepanga chumba chenye mlango imara, maana Chérie anaogopa kulala penye mlango mbovu. Nimenunua na sufuria.

Yaya wako, Nzanzu

Kasese, 2 Mei

Yaya,

Hujambo? Umenyamaza sana. Furahi nami: Abaho amekubali. Kuanzia Jumatatu, anayetaka maandishi ataandikiwa. Jina lako nimeliweka mbele ya yote.

Mdogo wako, Anastasie

Bwera, 7 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Mwili ni mzima. Maandishi yalifika jana. Yanasema Chérie alifika kituo cha wakimbizi, hapa hapa mpakani, akangoja aambiwe niko wapi. Walinipigia, sikujibu, faili likafungwa. Mwezi uliopita alirudi Congo na wenzake. Chini wameweka maneno aliyoyaacha: "Bwana yangu hasikii. Mumuandikie."

Waambie wakubwa zako maandishi yanasomeka vizuri. Sina kinyongo na wewe, ila leo siwezi kuandika zaidi. Kesho navuka kumtafuta. Huko kwenye vita sidhani simu itashika.

Yaya wako, Nzanzu

Kasese, 30 Juni

Yaya,

Habari za huko? Umempata? Hapa watu wengi sasa wanaandikiwa. Wanakuja kunishukuru. Mabel anasema chumba chako bado kimefungwa.

Usiku nalala na simu kifuani.

Mdogo wako, Anastasie