Sauti Imeenda Wapi?

Jumatatu, 3 Machi

Laptop imekuwa bubu. Jana ilikuwa nzima, jioni mume wangu akaiazima kidogo, leo haitoi hata mlio wa kuwaka. Kidogo gani hicho? Nimepandisha sauti mpaka mwisho. Kimya. Nimeizima, nimeiwasha. Kimya. Na Alhamisi nina usaili wa kazi kwa video — kazi ya mji mwingine, ambayo humu ndani hakuna anayeijua. Au yupo?

Jumanne, 4 Machi

Nimemuuliza mume kwa kuzungukazunguka. Anasema alimwekea mama yake nyimbo tu, basi. Akatabasamu. Simwamini mtu anayetabasamu kabla ya chai.

Nimeijaribu kwa ujumbe wa sauti wa dada yangu, maana huo naujua neno kwa neno: chumba nimeshakupatia, ukipata kazi njoo, huyo bwana asijue mpaka uwe ndani ya basi. Nimeucheza, nikaurudia, nikaurudia tena, sikio limelala kwenye kibodi. Wapi! Na huko uani, chumbani kwa mama mkwe, redio yake inabwabwaja, yeye hajapungukiwa na kitu.

Mchana mama mkwe kaniletea chai mwenyewe. Tangu lini? Na macho yake hayakubanduka kwangu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeipeleka kwa fundi. Kaiwasha tu — ikalia! Anasema hajagusa kitu na malipo hataki. Fundi asiyetaka malipo, huyo naye katumwa.

Nimerudi nayo nyumbani. Bubu! Basi ni nyumba hii, kuna mkono wa mtu. Naogopa, nasema kweli. Nikiukosa usaili huu nitazeekea humu, nikiomba ruhusa hata ya kwenda sokoni.

Alhamisi, 6 Machi

Mume katoka mapema. Nimempigia fundi. Kaniambia nibonyeze alama ya sauti pale chini kwenye kioo, nisome sauti inatokea wapi. Nimebonyeza. Imeandikwa: Spika ya Mama.

Ile spika ndogo aliyonunuliwa na mwanawe! Jumapili mume aliiunga na laptop bila waya, hakuitoa; kwa fundi ililia kwa sababu spika ilikuwa mbali. Kwa hiyo nilichokuwa nakisikia uani si redio. Kila nikiicheza sauti ya dada, inalia chumbani kwa mama mkwe. Chumba, basi, "huyo bwana". Yote kayasikia, na kwa kurudiwa!

Nimeiondoa spika, laptop imelia papo hapo. Sijafurahi hata chembe.

Kisha hodi. Nimechungulia: mama mkwe, kavaa viatu vya kutokea. Kaniuliza polepole, kama mtu anayeazima chumvi:

"Mwanangu, hicho chumba cha dada yako, wanatosha wawili?"

Nimemwambia anisubiri, navaa. Uongo, nimekaa kitandani naandika. Kama ni mtego wa mwanawe, nimekwisha. Kama si mtego — mama wa watu kaishi naye miaka yote hiyo! Bado yuko mlangoni, namsikia anavyohema. Hajaita tena. Laptop imeanza kuita, ni wale wa usaili, na yeye naye anaisikia